Pingamizi la Harusi ya Rozina: Wakili wa Pande Zote

Wasomaji wa heshima, wiki iliyopita tulimwacha Rozina amesimama mlangoni kwa wakili mjini Sumbawanga, mkono juu, tayari kubisha hodi. Kabla hajaugusa, mlango ulifunguka wenyewe. Aliyetokea alikuwa shangazi yake, Tereza, mwenyekiti wa kamati ya harusi, ambaye asubuhi ile aliaga Mpui kwamba anakwenda kupimwa macho.

Mkono wa Rozina bado uko hewani. Ni haki sasa tumruhusu aushushe.

"Shikamoo, shangazi," alisema, maana malezi ni malezi hata katika dharura.

"Marahaba. Wewe nani?"

"Shangazi! Ni mimi, Rozina!"

"Unaona? Ndiyo haya macho ninayowaambia kila siku. Nimeingia humu nikidhani ni kliniki."

"Kwenye kibao pameandikwa WAKILI, herufi kubwa kama ndoo."

"Sasa mwanangu, ningekuwa naweza kusoma kibao, ningesafiri kutoka Mpui kuja kupimwa macho?"

Hoja ilikuwa nzito. Rozina alipokuwa bado anaipima, shangazi alikaza kitenge, akaruka mtaro, akakwepa baiskeli ya mkaa, akampisha mbuzi na kukata kona. Kwa mtu asiyeona, alikwenda vizuri sana.

Rozina hakumfuata. Ilikuwa Alhamisi, na harusi yake ilikuwa Jumamosi, kama ingekuwepo.

Kwa yule ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hajalisoma, kesi ni hii. Rozina anauza katika duka la dawa za mifugo pale Mpui. Mboje ni kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake wanafuga ng'ombe huko Milepa. Alikuja dukani kununua dawa ya kupe. Akarudi kununua tena. Akaendelea kurudi hata baada ya kupe wote wa Milepa kufa, na hapo Rozina akaelewa.

Ndoa ikatangazwa kanisani. Jumapili ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Kabla ya ya tatu likaingia pingamizi, limechapwa kwa mashine na kupigwa muhuri wa wakili, likidai kwamba Mboje ana mke huko Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, na jina la mke huyo ni Anjela.

Mboje aliapa kwa ng'ombe wote wa baba yake kwamba hana mke. Paroko hakutaka kusikia habari za ng'ombe. Aliishika ile barua kwa ncha za vidole, mbali na macho ya Rozina, akasema, "Barua ya wakili hujibiwa na wakili. Nileteeni jibu lenye muhuri kabla ya jioni ya Alhamisi, kwa sababu Ijumaa nashinda kwenye makanisa ya vigangoni. Bila hivyo, Jumamosi sifungishi."

Mawakili Sumbawanga wapo. Lakini mtu wa Mpui akipatwa na kesi haulizi wakili gani anaijua sheria. Anauliza wakili gani ni wa kwetu. Na wa kwetu ni mmoja tu, Isdori, mtoto wa Mpui, wakili wa kujitegemea kweli kweli, maana hata fagio la ofisi analishika mwenyewe. Tangu Jumatatu Rozina alikuwa anamtafuta. Akipiga simu, Isdori yuko mahakamani. Akienda mahakamani, Isdori yuko baraza la ardhi. Akienda baraza la ardhi, Isdori yuko msibani.

Leo mlango ulikuwa wazi. Rozina akaingia.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mbolea. Ukutani palikuwa na kibao cha pili: ARDHI, MIRATHI, NDOA, TALAKA, JINAI, MADAI, MIKATABA, VIAPO NA MENGINEYO.

"Subiri mapokezi!" ilisema sauti kutoka nyuma ya meza.

Mapokezi yalikuwa kiti cha plastiki, hatua chache kutoka kwenye meza hiyo hiyo. Rozina akakaa. Mwanamume mwenye shati jeupe akainuka nyuma ya meza, akaja hadi kwenye kiti, akainama kwa adabu.

"Karibu sana, dada. Tukusaidie nini?"

"Nataka kumwona wakili."

"Ngoja nimwangalie kama ana nafasi."

Akarudi nyuma ya meza. Akavaa koti jeusi. Akakaa. Akakohoa.

"Pita ndani!"

Rozina alihamisha kiti cha plastiki hadi mezani, na kwa namna hiyo akawa amepita ndani. Alitaka kucheka, lakini kicheko chake kilikuwa kimefungiwa pamoja na gauni lake la harusi tangu Jumapili.

"Shikamoo, kaka Isdori."

"Marahaba. Humu ndani tunasema wakili msomi. Nje ya mlango huo niite hata Isdori."

"Wakili msomi, nimekutafuta tangu Jumatatu. Ulisema uko kwenye ngazi za mahakama."

Simu ya wakili ikalia. Akainua kidole kumnyamazisha. "Mheshimiwa! Ndiyo. Nimeshafika, niko kwenye ngazi za mahakama hapa, naingia sasa hivi." Akaweka simu mezani, akajiegemeza vizuri kwenye kiti. "Endelea, dada. Jumatatu?"

Rozina alimeza alichotaka kusema. Alihitaji muhuri wa huyu mtu kuliko alivyohitaji kumpiga na kiti.

"Nataka unijibie barua. Kuna mtu ameweka pingamizi kwenye ndoa yangu."

"Pingamizi! Vizuri sana." Wakili alisugua viganja. "Ni eneo langu. Wengi hawajui, lakini pingamizi ni kitu dhaifu. Mara nyingi ukiligusa tu linaanguka. Sababu waliyotoa ni ipi?"

"Kwamba mchumba wangu ana mke Kasanga."

Viganja vya wakili vikasimama.

"Kasanga?"

"Kasanga. Eti anaitwa Anjela."

Wakili alivua koti, akalitundika kwenye msumari, akaenda kufungua mlango wa nje. Upepo wa Ufipa uliingia, ule wa Julai unaopita ndani ya sweta bila kupiga hodi.

"Dada, ofisi imefungwa."

"Imefungwaje na ndiyo kwanza umeifungua?"

"Siwezi kukuwakilisha. Ni mgongano wa maslahi."

"Maana yake nini?"

"Maana yake siwezi kukuambia maana yake."

Damu ikamchemka Rozina polepole kama uji wa ulezi, kutoka chini kwenda juu.

"Wewe ndiye uliyeiandika."

"Siwezi kusema niliiandika wala sikuiandika."

"Ulimwandikia nani? Nani alikutuma?"

"Siri ya mteja."

"Ni shangazi yangu? Ametoka humu sasa hivi!"

"Siwezi kusema kama kuna mtu ametoka."

"Nimemwona kwa macho yangu!"

"Macho yako hayajala kiapo cha uwakili. Yangu yamekula."

"Haya, nielekeze kwa wakili mwingine."

Isdori alifikiri, na kwa kweli alionekana kutaka kumsaidia. "Mmoja ameenda Mbeya, kuna vikao vya Mahakama Kuu. Mwingine ni mzuri sana, ila ana kesi ya mpaka wa shamba dhidi ya baba yako. Yupo mama mmoja hodari, huyo amejifungua juzi. Labda urudi Jumatatu."

"Jumatatu! Harusi ni Jumamosi!"

"Ndiyo maana nasema labda."

Rozina alitoka na kuubamiza mlango. Kibao cha nje kikaanguka upande mmoja, kikabaki kinaning'inia kwa msumari mmoja. Ndani aliisikia sauti ya wakili ikisema kwa upole, "Na uharibifu wa mali pia tunashughulikia."

Alikwenda sokoni kama mtu anayekwenda vitani. Alijua shangazi yake hawezi kuingia Sumbawanga na kutoka bila kupita sokoni. Akapita kwenye maharage, akapita kwenye dagaa wa Kasanga, ambao leo harufu yao peke yake ilimtia hasira. Akamkuta kwa wauza nafaka.

Tereza alikuwa ameinamia ungo wa ulezi. Ulezi, msomaji, ni punje ndogo kuliko kichwa cha pini. Tereza alikuwa anachambua mchanga ndani yake, chembe moja moja, akizitupa nyuma ya bega bila kukosea hata moja.

"Macho yamepona," alisema Rozina.

Chembe iliyofuata ikaangukia ndani ya ungo.

"Mungu ni mwema," alisema Tereza bila kugeuka.

"Shangazi, ni wewe uliyenizuia nisiolewe?"

"Nani? Mimi? Mwenyekiti? Mimi niliyenunua vitenge vya kamati nzima? Mimi niliyekulea tangu meno yako ya kwanza?"

"Ni wewe au si wewe?"

"Usinipandishie sauti mbele ya watu wa ulezi."

"Shangazi!"

Mwanamke muuza ulezi alisogeza kiti chake karibu ili asikie vizuri. Tereza alimshika Rozina mkono, akamvuta nyuma ya magunia. Huko, bila kujali vumbi na kitenge chake cha wax, cha bei kubwa, akakaa chini.

"Kimea kimeoza," alisema.

"Nini?"

"Kimea cha pombe ya harusi yako. Chote. Mwaka huu nikasema niwe wa kisasa. Badala ya kukifunika kwa magunia nikakifunika kwa nailoni, nikaambiwa kitaota haraka. Kikapata joto, kikafanya ukungu wa kijani, kikanuka hadi mbwa akahama ua. Nikaloweka ulezi mwingine. Baridi hii ikaukataa. Haujachipua mpaka leo, unanitazama tu."

Rozina alijaribu kuelewa. "Kimea kimeoza. Kwa hiyo ukampa mchumba wangu mke?"

"Nilitaka muda tu! Wiki mbili. Pingamizi dogo, la kusogeza siku. Pombe ikiiva, naliondoa kimya kimya, mnaoana, tunacheza."

"Si ungeiambia kamati tusogeze?"

Tereza alimtazama mpwa wake kana kwamba amemwambia avue nguo sokoni.

"Niwaambie kamati? Mimi niliyewasimamisha Wasukuma wa Milepa pale kwenye kutoa barua ya posa nikawaambia, 'Njooni na mikeka, maana baada ya pombe yangu mtatambaa kurudi kwenu'? Walicheka. Yule mama mkwe wako akasema Wafipa tutawanywesha maji ya dimbwi. Nikaapa. Halafu niseme kimea kimeoza?"

"Ungenunua kimea pale pale Mpui."

"Kwa nani? Mpui nzima nani ana kimea wakati huu?" Akashusha sauti. "Epifania."

Hoja hiyo Rozina naye aliielewa. Epifania na Tereza walikuwa wakishindana kwa pombe tangu wakiwa wasichana. Kununua kimea kwa Epifania kungekuwa sawa na kupiga magoti mbele yake katikati ya misa.

"Na leo ulikwenda kwa wakili kufanya nini?"

"Kumwambia aliongeze pingamizi wiki moja. Anasema pingamizi halina nyongeza. Wakili gani huyo?"

"Shangazi, sijalala tangu Jumapili. Nimekuwa nikimtazama Mboje na kujiuliza kama kweli. Nimemwuliza mambo ambayo sikupaswa kumwuliza. Huyo Anjela ulimtoa wapi?"

"Isdori aliuliza, 'Jina la mke?' Nikatazama ukutani, kuna kalenda ya kanisa yenye malaika. Nikasema Anjela. Akauliza, 'Anaishi wapi?' Nikasema Kasanga. Kasanga ni mbali, nani angekwenda kuuliza?"

"Kwa hiyo hayupo."

"Yupo wapi? Nimemtunga mimi, nimekaa kwenye kile kiti cha plastiki!"

Rozina alikaa naye chini kwenye vumbi. Alianza kucheka, kisha akalia, kisha akafanya vyote viwili kwa pamoja, na muuza ulezi akaona afadhali awaletee maji. Mboje hana mke. Maneno hayo yalimwingia taratibu kama chai ya asubuhi baada ya safari ya baridi.

Kisha akasimama, akamshika shangazi yake mkono, akamnyanyua.

"Twende."

"Wapi?"

"Ukaliondoe."

Walimkuta wakili juu ya stuli, anapigilia kibao chake. Alipowaona wakija pamoja, alishuka haraka, akaingia ndani na kuvaa koti.

"Isdori," alisema Tereza, "futa."

"Mama, humu ndani tunasema..."

"Nimekufuta kamasi wewe ukiwa huna hata suruali. Futa hilo pingamizi."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu si kweli."

Wakili alikaa chini kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo.

"Mama Tereza. Tulivuka barabara pamoja. Ulisimama mbele ya karani wa mahakama, ukashika Biblia, ukaapa kwamba kila neno ni kweli. Sasa unasema mbele yangu kwamba ulidanganya?"

"Kidogo tu."

"Kuapa uongo ni kosa la jinai! Utashtakiwa. Utahitaji wakili."

"Si wewe upo?"

"Mimi siwezi kukutetea. Mimi nitakuwa shahidi!"

Tereza alimgeukia Rozina. "Unaona? Ndiyo maana sikutaka kuja."

Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa magharibi. Paroko alikuwa Mpui akisubiri muhuri. Na katika chumba hiki walikuwemo watu watatu waliojua kwamba hakuna mke wala sababu ya pingamizi, na hakuna hata mmoja aliyeweza kusema hivyo kwenye karatasi.

"Wakili," alisema, akijizuia, "hakuna njia nyingine?"

"Siwezi kukushauri. Wewe si mteja wangu. Tena uko upande wa pili."

"Kwa hiyo njia ipo, ila huwezi kuniambia?"

"Siwezi kukuambia kama ipo."

Hapo, msomaji mpendwa, ndipo malezi yalipomwisha Rozina. Alinyanyua kile kiti cha plastiki juu. Wakili akafunika kichwa kwa mikono. Lakini Rozina alikiweka kiti chini taratibu, kando ya shangazi yake, akakaa, akamgeukia.

"Shangazi. Mwulize wakili wako kama mtu anaweza kuondoa pingamizi bila kutoa sababu."

Tereza akamgeukia wakili. "Anauliza kama..."

"Nimesikia," alisema wakili. "Mwambie... hapana, usimwambie. Mama, wewe kama mteja wangu nakushauri kwamba inawezekana. Unaandika tu kwamba huna nia ya kuendelea nalo. Husemi kweli, husemi uongo. Hakuna mtu wa kukuuliza."

"Shangazi, mwulize kwa nini hakusema hivyo asubuhi."

"Kwa nini hukusema hivyo asubuhi?"

"Asubuhi, mama, ulitaka kuliongeza!"

"Mwulize itachukua muda gani."

"Itachukua..."

"Mama, masikio ninayo! Muda wa kuchapa tu."

"Mwambie basi achape," alisema Rozina, "kabla sijahama upande wa pili nikaja upande wake."

Wakili alichapa kwa vidole viwili. Kila alipotafuta herufi, Rozina alitafuta pumzi. Mashine ya kuchapia ilitema karatasi moja tupu, kisha nyingine tupu, kisha ikatoa barua ikiwa na kila kitu isipokuwa jina la parokia, ambalo wakili aliliandika kwa mkono, kwa heshima zote. Akaigeuza barua kuelekea kwa Tereza na kumpa kalamu.

Tereza aliisoma yote, bila miwani. Kisha akaweka kalamu chini.

"Siwezi."

"Shangazi!"

"Jina langu lipo hapa. Itakaa ofisini kwa paroko. Unajua nani anafanya usafi ofisini kwa paroko?"

Rozina alijua. "Epifania."

"Ataisoma. Atajua ni mimi. Ataimba wimbo."

Rozina alimshika shangazi yake mabega. Sauti yake haikuwa ya kugomba tena, na pengine ndiyo maana Tereza alimsikiliza.

"Shangazi, chagua. Epifania akucheke mwaka mmoja, au mimi nizeekee kwenye chumba kile cha uani, kila asubuhi unaniona nafungua dirisha."

Tereza alitazama dari. Alitazama kalenda ya malaika. Kisha akaichukua kalamu akasaini, kwa nguvu iliyotoboa karatasi.

Muhuri ukagongwa, na sauti yake ilikuwa tamu kuliko ngoma.

Nje pikipiki ilipiga honi. Alikuwa Mboje, mchumba mwenyewe, mrefu, mwenye vumbi la Milepa hadi kwenye kope. Rozina alikuwa amempigia simu njiani kutoka sokoni, akimwambia tu aje haraka. Alishuka akiwa na uso wa mtu aliyejiandaa kwa habari mbaya.

"Shikamoo, shangazi. Mambo, mchumba? Kuna nini?"

Rozina alimweleza yote pale pale kando ya mtaro, haraka, bila kupumua. Kimea, nailoni, ukungu, kalenda, malaika. Mboje alisikiliza akiwa ameshika kofia ya pikipiki kifuani. Hadithi ilipofika kwa Epifania, alianza kucheka. Alicheka hadi akalazimika kushika kioo cha pikipiki asianguke.

"Shangazi! Mimi siku zote hizi nimenyimwa chai pale dukani, nimeapa kwa ng'ombe wa baba hadi wamepungua uzito, kumbe ni ukungu!"

"Nisamehe, baba," alisema Tereza, akitazama viatu vyake.

"Nikusamehe nini? Jumamosi tutakunywa maziwa. Ila mama yangu nitamwambia mwenyewe, hiyo raha sitampa mtu mwingine."

"Ukimwambia nitaleta pingamizi lingine!"

Wote wakacheka, hata wakili, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na koti lake na hakujua kama sheria inamruhusu. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili Rozina aliona njaa. Aliikunja barua, akaitia kifuani ndani ya sweta, akapanda nyuma ya Mboje. Jua bado lilikuwa juu. Kutoka Sumbawanga hadi Mpui ni lami tupu. Wangefika kabla paroko hajala chakula cha jioni.

Mboje akawasha pikipiki.

Simu ya Rozina ikaita. Ilikuwa namba ya katekista Polikarp wa Mpui. Rozina aliiweka spika ili wote wasikie habari njema.

"Tumsifu Yesu Kristo, katekista!"

"Milele amina. Rozina mwanangu, uko wapi?"

"Mjini! Tunakuja. Mwambie paroko pingamizi limeondolewa, barua ninayo, ina muhuri!"

Upande wa pili katekista alikohoa, akakohoa tena.

"Ee. Ni vizuri. Ila barua iweke kwanza. Paroko alipolipata lile pingamizi, aliandika ulizo kwa paroko mwenzake wa Kasanga, ndivyo utaratibu ulivyo. Huko likasomwa Jumapili baada ya misa. Kwamba kama yupo Anjela ambaye ni mke wa Mboje wa Milepa, ajitokeze."

"Na?"

"Amejitokeza."

Tereza alimnyang'anya Rozina simu. "Polikarp! Hawezi kujitokeza! Hayupo! Nimemtunga mimi!"

"Mama Tereza," ilisema sauti ya katekista, kwa upole wa mtu anayetoa habari za msiba, "huyo uliyemtunga amekaa kwenye benchi hapa ofisini. Amefika na gari la dagaa. Ameomba maji, nimempa. Ana mtoto mgongoni."

Wakili, kwa mazoea tu, alipapasa mfuko wa koti kutafuta kadi yake.

Rozina alikuwa bado amemkumbatia Mboje kwa nyuma, mikono kiunoni mwake. Alisubiri acheke. Alijua kicheko kile kinaanzia wapi, chini ya mbavu, na mikono yake ilikuwa pale pale, inakisubiri.

Hakikuja. Mboje alizima pikipiki. Akanyoosha mkono, akaichukua simu kutoka kwa Tereza, na alipozungumza ilikuwa sauti ambayo Rozina hakuwahi kuisikia.

"Katekista, huyo mtoto... ni wa kiume au wa kike?"